Tangu Jumapili, Kamba Nyeupe

Ukipanda mlima wa Buholo kwa miguu, pale pumzi inapokuishia na unapotafuta kisingizio cha kusimama, hapo ndipo ilipo Balkoni. Usidhani ni balkoni ya nyumba ya tajiri. Ni benchi moja la mbao limeegemezwa ukutani, kwenye kona ya barabara, na mbele yake mtelemko umeshuka ghafla hivi kwamba ukikaa unaona bati la jirani kabla hujamwona jirani mwenyewe. Edouard anauza hapo karanga na kahawa ya tangawizi, kahawa ya kuamsha maiti. Wenye benchi ni watatu. Honoré wanamwita Trop-Clair, yaani Wazi-Mno, kwa kuwa akishakueleza jambo hulielewi tena. Willy, mtengeneza simu, anaitwa Garantie, yaani dhamana, ingawa simu zake hazijui maana ya neno hilo. Na muzee Cirhuza, aliyekuwa sakristani ujana wake wote, ni Vatican. Akisema, mjadala umefungwa, hata kama ndiyo kwanza unaanza. Kutoka hapo juu wanaona kamba za nguo za mtaa mzima, na wanazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti: nani kanunua shuka jipya, nani karudi safari, nani kagombana na mkewe hadi anajifulia shati.

Ijumaa hiyo mchana, Gentil alikuwa anatoka famasi, mkono mmoja umeukamata mfuko wa koti utadhani amebeba kifaranga. Mfukoni mlikuwa na poire, ule mpira mwekundu wenye mdomo mwembamba ambao mama zetu huutumia kumtia mtu dawa kwa njia ya nyuma. Nani kati yetu hajawahi kuukimbia? Mama yake, Maman Agathe, alikuwa ametelemka kutoka Mudaka na fungu la mubirizi, majani machungu kuliko habari ya msiba, kwa sababu mjukuu wake Gloire, mtoto wa miezi miwili anayenyonya ziwa la mama tu, alikuwa hajaenda choo tangu Jumapili. Majani yalikuwa yanachemka jikoni, na aliyetumwa kununua poire ni Gentil.

Asubuhi ya siku hiyo Olive, mkewe, alimvuta nyuma ya mlango.

— Miye ni mukwe tu, siwezi kumukatalia mama yako. Ni weye utasema. Mutoto wa Valérie tulimuona sisi wote.

Valérie ni dada ya Olive. Mtoto wake alipigwa poire ya majani makali, akalala hospitali na maji ya mshipa, hadi watu wakaanza kusali kwa sauti ya chini. Alipona, lakini Olive hajasahau, na Gentil pia hajasahau. Gentil anafundisha chuo kikuu, na sauti yake inafika nyuma kabisa ya ukumbi. Mbele ya mama yake sauti hiyo haifiki hata kwenye meno. Kwa hiyo alipofika Balkoni alikaa, akajiambia ni kikombe kimoja tu cha kumpa nguvu.

— Papa Gloire! Trop-Clair aliita kabla hajakaa sawasawa. Tulikuwa tunakungoja. Sema kweli: tangu Jumapili?

— Tangu Jumapili nini?

— Usitufiche, papa. Kamba imeshasema.

Akanyoosha kidole chini. Nyumba ya Gentil ndiyo ya kwanza mtelemkoni, na kamba yake imefungwa kutoka mti wa avoka hadi nguzo ya choo cha nje. Tangu Gloire azaliwe, Balkoni ilikuwa inaifuatilia kamba hiyo kwa upendo wote. Wiki za mwanzo lange, yaani vile vitambaa vya mtoto, zilitoka na madoa ya manjano ambayo sabuni haikuyaweza, na kila zilipotundikwa benchi lilisema "bendera imepanda" na kunywa kahawa kwa afya ya mtoto. Baada ya misa ya Jumapili bendera ilipanda mara ya mwisho. Toka hapo, nyeupe tupu.

Gentil alihisi masikio yanamuwaka. Kumbe siri ya nyumba yake ilikuwa inaanikwa kila siku kwa vibanio! Lakini aibu hiyo ilikuwa na utamu wake pia, maana sasa hakuhitaji kuanza kueleza.

— Ni kweli, alisema. Tangu Jumapili. Na mama yangu amekuya na mubirizi.

Vatican aliinua kidole.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Lakini Vatican, aliuliza Garantie, mwenyeji hapo ni nani?

— Choo.

Trop-Clair alimeza funda la kahawa na kugeuka kumtazama Gentil uso kwa uso, kama daktari.

— Acheni miye nifasirie, iko clair kabisa. Mama Gloire anakulaka nini?

— Bugali, majani ya sombe, samaki ya sambaza. Chakula ya batu.

— Bugali ya muhogo?

— Ya muhogo.

— Voilà! Bugali ya muhogo inakamata. Inashuka ku maziwa, maziwa inakamata. Maziwa inafika ku mutoto, mutoto anakamatwa.

— Lakini amekula ile bugali tangu siku ya kuzala, alisema Gentil. Na mwezi wa kwanza mutoto alikuwa anachafua mara nyingi kwa siku.

— Ni sababu bugali ilikuwa ingali njiani.

— Apana, apana, apana! Garantie alikuwa ameshasimama. Huyo hawezi kufikiri akiwa amekaa. Bandugu, mutoto ni appareil mupya! Telefone mupya siku ya kwanza inafanya nini? Inaita, inalia, inajizima, kila dakika notification. Kisha inazoea. Sasa huyu mutoto amezoea, na anafanya nini? Délestage!

— Délestage?

— Délestage! Amekata umeme, courant yote, ku quartier ya chini juu ya kupeleka yote ku kichwa. Maziwa yote inabaki mu mwili, haitupe kitu. Huyu atakuwa ingénieur, minakuambia na garantie.

Gentil alicheka, kisha akajikuta anauliza kwa dhati kabisa:

— Na courant itarudia lini?

— Ee papa. Garantie alikaa polepole. Courant, nani anajuaka itarudia lini?

Edouard alipita akijaza vikombe. Vatican alifunika chake kwa kiganja, ishara kwamba anataka kusema.

— Munatafuta mbali. Ile mutoto alipewa jina ya nani?

— Gloire Muhigirwa, alisema Gentil. Muhigirwa ni babu yangu.

— Muhigirwa wa Mudaka! Nilimujua. Ile muzee hakutoaka kitu. Musumari ikipinda, anaweka. Chupa ikipasuka, anaweka. Ku misa, kikapo ya sadaka ikipita, anaangalia malaika ya ku plafond, kule juu. Na munashangaa mutoto hatoe? Jina inatembea na batu. Haba na haba hujaza kibaba. Mutoto anajaza kibaba.

Gentil alitaka kupinga, lakini alikumbuka mlango wa ghala la babu yake ambao haukufunguka kwa wingi wa vitu, na kwa kitambo kidogo, yeye mwenye diploma zake ukutani, aliogopa. Asubuhi ofisini alikuwa amesoma kwenye simu habari za ugonjwa wa matumbo wenye jina la Kijerumani. Sasa huku jina la Kijerumani, huku jina la babu. Ni hapo simu yake ilipolia, na alijua ni nani hata kabla ya kuitoa.

— Gentil! Sauti ya Maman Agathe ilisikika hadi mwisho wa benchi. Majani imeiva, minaipozesha. Uko wapi na poire?

— Niko njiani, mama.

— Njia gani hiyo haiishe? Mutoto anateseka, na wewe uko unatembea! Wewe mwenyewe nilikupigaka poire kila mwezi, na angalia vile ulisoma!

Simu ikakatika. Benchi lilimtazama Gentil kwa heshima mpya na huruma kidogo.

— Basi uko na poire, alisema Trop-Clair kwa sauti ya chini. Mu mufuko?

Gentil aliitoa. Ilikuwa ndogo kwenye kiganja chake, nyekundu, inang'aa, na alipoitazama hapo kwenye mwanga wa mchana aliuona mgongo wa Gloire, mdogo, na ule ulaini wake anapomlaza kifuani baada ya kunyonya. Alijua hataki. Alichokosa ni neno la kumwambia mama yake, neno ambalo si la Olive wala la kitabu, maana hayo mawili mama angeyashinda kabla ya chai.

— Nisaidieni, alisema. Nitamuambia nini?

Huwezi kuwaomba watu wa Balkoni jambo zuri kuliko hilo. Walilipuka wote kwa pamoja.

— Mupige poire! Garantie alisema. Mutaka cha uvunguni sharti ainame!

— Usimupige! Trop-Clair alikuwa sasa amepanda juu ya benchi na viatu vyake. Munaona ziwa? Ziwa Kivu, munaiona? Chini yake iko nini?

— Sambaza, alisema Edouard.

— Gaz! Chini ya maji kuko gaz, imelala, imetulia, tangu babu ya babu. Bazungu banakuyaka kuipima kila mwaka, banatembea juu yake polepole. Juu ya nini? Juu ukiigusa vibaya, inapanda yote mara moja! Sasa mutoto tangu Jumapili ananyonya, ananyonya, na hakuna kitu inatoka. Tumbo yake iko sawa na ziwa. Kimya kingi kina mushindo mukubwa! Na weye unataka kuingiza pale mudomo ya poire? Papa Gloire, nyumba yako ndiyo ya kwanza, lakini ya pili ni yangu!

— Tuhame! alisema Vatican, na hakuna aliyejua kama anatania.

— Mbele ya kuhama, tuteste appareil, alisema Garantie. Kitu mupya haiingiake mu mwili ya mutu bila test.

Na kabla Gentil hajafumba kiganja, Garantie alikuwa ameinyakua poire. Aliibonyeza, akaizamisha mdomo wake katika kikombe, ikafyonza kahawa hadi ikashiba. Kisha akaielekeza angani na kuminya. Ilitoka kamba nyeusi ya kahawa, ikapanda juu ya barabara, ikakata kona na kumshukia Vatican kwenye shati lake jeupe la Legio ya Maria.

— Inatembea! Garantie alipiga kelele kwa furaha. Inafanya kazi muzuri!

Trop-Clair alicheka hadi akashuka benchi. Vatican naye, akiwa anatiririka, aliinyakua poire, akadai kikombe kingine, akajaza, akalipiza. Watu wazima hao, mmoja ana wajukuu! Edouard alimimina huku anacheka na kulaani, akamimina tena, hadi termosi ya mwisho ikakohoa na kutoa matone tu.

— Kahawa imekwisha, akatangaza.

Ni hapo alipofika mtu mmoja asiyejulikana hapo, anasukuma pikipiki yenye tairi bapa na madumu mawili ya mawese nyuma. Alisema anaitwa Gérard, ametoka Bunyakiri tangu alfajiri, na fundi wa tairi amemwambia angoje. Aliomba kahawa. Walimwonyesha termosi, na walimwonyesha shati la Vatican. Basi akaomba nafasi tu ya kukaa, wakamsogelea, akajifuta jasho na kutazama mtelemko kama kila mtu anavyofanya akikaa hapo mara ya kwanza.

— Kumbe hapa kuko maternité, alisema.

— Wapi?

— Hii nyumba ya chini. Ile kamba yote ni vitambaa ya batoto. Kuko mapacha ngapi?

— Hakuna mapacha, alisema Trop-Clair kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni. Ni mutoto moja. Tena huyo mutoto amefungwa, hachafue kitu tangu Jumapili.

Gérard alitazama kamba, akawatazama wao, akatazama kamba tena. Lange zilikuwa zimetundikwa kutoka mti wa avoka hadi nguzo ya choo, zimebanana, mbili mbili kwenye kibanio kimoja kwa kukosa nafasi, na nyingine zimetandazwa kwenye majani.

— Hachafue kitu, alirudia. Sasa juu ya nini banafua zote zile?



Trop-Clair alianza kuzihesabu lange kwa kidole. Garantie aliitazama poire mkononi kama kwamba jibu limo ndani yake. Vatican alijifuta kahawa kidevuni taratibu mno. Tangu Jumapili walikuwa wameitazama kamba hiyo asubuhi na jioni, wakitafuta rangi moja tu, na kwa kuwa hawakuiona waliona hakuna kitu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulowanisha mikono yake kwa kitambaa cha mtoto, akajua kwamba kitambaa cheupe nacho kimefuliwa kwa sababu.

Gentil alisimama. Furaha tupu ilimjaa, ya kutaka kumkumbatia mtu wa Bunyakiri pamoja na mawese yake.

— Mukojo! alipaza sauti. Ni mukojo! Mutoto anakojoa usiku na mchana!

Na akaanza kuteremka mbio, viatu vyake vya chuo kikuu vikiteleza kwenye udongo, poire imesahaulika kwa Garantie.

Alimkuta mama yake ameshika beseni, anaanua lange kwa sababu wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa. Olive alikuwa mlangoni na Gloire begani, anamtazama mumewe kwa macho ya kuuliza. Gentil alimwamkia mama yake upya, kama mtu anayefika kutoka safari, akalipokea beseni.

— Mama, hizi ulifua leo?

— Leo asubuhi. Mikono inaniuma.

— Zilikuwa na nini?

— Na mukojo, nini ingine? Mutoto wako anakojoa kama amenunua muto muzima.

— Ule mukojo wote unatoka wapi?

Maman Agathe alishika lange moja, akaigeuza upande mmoja na wa pili.

— Unatoka ku maziwa, alisema.

— Basi maziwa inaingia muzuri, mama. Tumbo yake iko ngumu?

Maman Agathe aliufuta mkono wake kwenye kitenge, akaenda mlangoni, akaingiza vidole chini ya kishati cha Gloire. Mtoto alimcheka, kicheko kile cha miezi miwili kisicho na meno wala deni kwa mtu.

— Laini, alisema. Nyamuzinda, Mungu wangu! Laini kama bugali ya mugonjwa.

— Ni vile banganga balituambia ku kupima kilo, Olive alisema taratibu, macho chini. Kama ananyonya, anakojoa, tumbo iko laini na anaongeza kilo, tungoje tu. Mutoto wa ziwa akifika umri huu anaweza kupitisha siku mingi. Akitapika ao tumbo ikivimba, hapo tukimbie centre de santé.

Sasa ndipo sauti ya Gentil ilipopita meno.

— Mama, Gloire hatutamupiga poire.

Matone ya kwanza ya mvua yaligonga bati. Maman Agathe aliinua macho hadi juu mtelemkoni, ambako vichwa vitatu na cha nne cha mgeni vilikuwa vimejipanga vinatazama.

— Miye ninafua lange bila kuzisoma, alisema, na bale balume ya pale juu banasoma bila kufua. Nani atatusaidia?

Akacheka. Olive alikuwa wa kwanza kumfuata, na alicheka huku machozi yanamtoka, maana woga wa siku zote hizo ulikuwa unatafuta pa kutokea. Gentil alimchukua Gloire, akamweka kifuani, akamshikilia kuliko kawaida.

— Lakini mubirizi yangu, Maman Agathe alisema akielekea jikoni, nimeitoa Mudaka ku kichwa. Haimwagike.

Akarudi na kikombe kikubwa, kimejaa hadi ukingoni.

— Kunywa.

Gentil alimtazama mkewe. Olive alitazama mvua. Basi akanywa, yote, na machungu yake yalimfikia hadi kwenye nyayo. Jioni hiyo, mvua inanyesha, Balkoni ilimwona akitoka mbio kwenda choo cha nje, na akitoka tena, na tena, mwavuli mkononi.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanajipanga kwenda misa, Gloire alikunja ngumi, akawa mwekundu, akatoa alichokuwa amekiweka wiki nzima, laini, cha manjano, kingi mno, kikapita lange hadi kwenye suruali safi ya baba yake. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Gentil alikataa mtu mwingine asiguse. Alipiga magoti mbele ya beseni na suruali yake ile ile, akaifua lange kwa mikono yake, vibaya, kwa sabuni nyingi, na alipokwenda kuitundika alichagua katikati ya kamba, pale inapoonekana vizuri kutoka juu, doa lake la manjano limebaki kama lilivyo.

Balkoni ilisimama yote. Vatican, kwa shati lingine, alivua kofia. Trop-Clair alipiga makofi juu ya kichwa chake na kupaza sauti: "Bendera imepanda! Nilisema, kimya kingi!" Madirisha ya mtaa yakafunguka.

Kisha Garantie akaweka viganja mdomoni, akauliza kwa sauti iliyofika hadi ziwani:

— Papa Gloire! Hiyo ni ya mutoto, ao ni yako?